Kona za milimani: maliza kazi kabla hujalaza pikipiki

Kona ya mlimani huharibikia kwenye kile kipande kilichonyooka kabla yake. Mtu anafika na mwendo uliozidi kidogo, anaingia, na akiwa katikati anaona barabara bado inazidi kujikunja. Mkono unaachia mafuta ghafla, vidole vinakamata breki ya mbele, na pikipiki iliyokuwa imelala inajiinua na kuelekea ukingoni. Baadaye atasema kona ile ni mbaya. Mimi humuuliza mambo mawili tu: uliingia na kilomita ngapi, na ulikuwa unatazama wapi?

Haya namwandikia anayejua kuendesha tayari, anayebadilisha gia bila kufikiri, lakini barabara ikianza kupanda na kujipinda mabega yake yanakakamaa. Huhitaji pikipiki kubwa. Yangu ni Royal Enfield Himalayan ya silinda moja, injini ya cc 411, nguvu za farasi 24 na ushei, na milimani ndiko inakonipa raha kuliko popote. Kinachotakiwa ni mpangilio: kila jambo kwa zamu yake, kila kona, hata siku unayojiona mwepesi.

Kwanza uelewe mwendo unafanya nini

Chukua kona kali ya mlimani ambayo ni kipande cha duara lenye nusukipenyo cha mita 20. Ukiikata kwa kilomita 30 kwa saa, pikipiki inalala takriban digrii 20 kutoka wima. Hiyo ni starehe. Kwa kilomita 40 inalala digrii 32. Kwa kilomita 50 ni kama digrii 45, na hapo pikipiki nyingi za safari zimeshaanza kukwaruza lami kwa vikanyagio vya miguu. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, ila mlalo umezidi maradufu, kwa sababu nguvu ya kukusukuma nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo. Na hizo ni hesabu za lami kavu, safi, isiyo na mchanga.

Breki nazo zinafuata mraba huohuo. Kwenye lami nzuri, ukifunga breki sawasawa kutoka kilomita 50 kwa saa, unasimama ndani ya mita 14 hivi. Kutoka kilomita 100 unahitaji kama mita 55, na bado hatujahesabu mita zilizopita kabla vidole havijagusa breki. Ndiyo maana nasisitiza sana zile kilomita kumi kwa saa za mwisho unazopunguza kabla ya kona. Ukizipunguza mapema zinakurudishia nafasi ya kurekebisha kosa. Ukiingia nazo, umeshaitumia nafasi hiyo kabla hujajua kama utaihitaji.

Macho

Tazama mbali, hadi pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Hapo ndipo barabara inapokuambia inataka kufanya nini. Pakitulia mahali pamoja huku wewe unapasogelea, kona inajikunja, punguza mwendo. Pakianza kukimbia mbele yako, kona inafunguka, na mafuta unaweza kuongeza. Mwendo wako wakati wote uwe ule unaokuruhusu kusimama ndani ya kipande cha lami unachokiona, upande wako wa barabara. Usiamini mstari wa miti wala nguzo za umeme: mara nyingi nguzo zinakwenda moja kwa moja bondeni wakati barabara imekata upande mwingine.

Macho pekee hayatoshi, geuza kichwa. Kidevu kielekee kule unakotaka kutokea, na mabega yatafuata. Pikipiki huenda unakotazama, na hii ina ubaya wake: ukilikodolea macho shimo, unaliendea shimo, ukiutazama ukingo kwa hofu, ndio unaokusogelea. Ni jambo linalofanyika bila hiari, kwa hiyo ni lazima lizoezwe ukiwa mtulivu, kwenye kona rahisi za mwendo mdogo, mpaka shingo igeuke yenyewe.

Breki, gia, usukani, mafuta

Fuata utaratibu huo bila kuruka hata kimoja.

Breki zifungwe pikipiki ikiwa wima. Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa, maana ukipunguza mwendo uzito unahamia gurudumu la mbele, na la nyuma linakuwa jepesi kiasi cha kuburuzika. Usiikwapue. Iminye kidogo kwanza, subiri uzito ukae mbele, kisha zidisha. Kila ninapomwona mtu mwenye alama ndefu nyeusi ya tairi la nyuma tu, najua ameiogopa breki ya mbele. Tatizo hili si geni. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na waliona mambo haya haya: waendeshaji waliizidishia breki ya nyuma, wakaiacha ya mbele bila kuitumia vya kutosha, na hawakujua kuusukuma usukani ili wakwepe.

Kisha gia. Ichague kabla ya kuingia, si ndani ya kona. Kwa kona nyingi za milimani gia ya pili inatosha. Injini iwe na mzunguko wa kutosha ili ukigusa mafuta iitike, ukiyaachia ikushikilie. Unaposhuka gia, achia klachi taratibu, la sivyo tairi la nyuma litaruka au litajifunga kwa sekunde moja, na kwenye lami yenye vumbi sekunde hiyo ni ndefu.

Sasa usukani. Ukishapita mwendo wa mtu anayekimbia, pikipiki hailazwi kwa kuinamisha mwili. Inalazwa kwa kusukuma. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mshiko wa kulia mbele, taratibu na kwa uhakika. Gurudumu linaelekea kushoto kidogo sana, pikipiki inalala kulia, na inakata kulia. Mwili wako tayari unafanya hivyo bila kukuambia. Faida ya kukijua ni kwamba siku kona ikikubana utakuwa na jambo la kufanya kwa mikono yako. Lijaribu kwenye barabara tupu iliyonyooka, kwa kilomita 40 kwa saa: gusa kulia, gusa kushoto, uone inavyoitikia papo hapo.

Mwisho mafuta. Mara pikipiki inapolala na kushika mkondo wake, rudisha mafuta kidogo, kiasi cha kuibeba tu, na uyashikilie hivyo. Mafuta yaliyotulia yanagawa uzito vizuri kati ya magurudumu mawili na shokomzoba zinatulia. Ongeza zaidi pale tu unapoona unakotokea na pikipiki inaanza kujiinua.

Na ukijikuta umeingia kwa mwendo mkubwa? Usiachie mafuta ghafla, usifunge breki kwa nguvu. Tazama mbali zaidi, sukuma mshiko wa ndani zaidi, iache pikipiki ilale. Kwenye lami kavu, pikipiki nyingi zina uwezo wa kulala kuliko moyo wa anayeziendesha. Teknolojia nayo imesogea. ABS ya kawaida, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikamata breki, ilitengenezwa kwa kuzingatia breki za mstari ulionyooka. KTM 1190 Adventure ya mwaka 2014 ilikuja na mfumo wa Bosch unaopima pikipiki imelala kiasi gani na kugawa breki kulingana na mlalo huo, na tangu hapo mifumo ya aina hiyo imeenea kwenye pikipiki kubwa za watengenezaji wengi. Umoja wa Ulaya nao umelazimisha ABS kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 tangu 2017. Kama yako inayo, ni neema kubwa. Lakini hakuna kompyuta inayoweza kuongeza mita ulizokwisha kuzipoteza kabla ya kona.

Nafasi ndani ya njia yako

Ninazungumza kwa barabara za upande wa kushoto. Wa upande wa kulia wageuze maneno. Kona inayopinda kushoto, iendee ukiwa karibu na mstari wa katikati, ili uone mbali zaidi ndani yake. Inayopinda kulia, iendee ukiwa karibu na ukingo wa kushoto, ila usisogee hadi kwenye changarawe. Kuna jambo moja linalosahaulika: pikipiki ikilala kulia, magurudumu yanaweza kuwa ndani ya njia yako huku kichwa na bega vimevuka mstari wa katikati, na lori linakuja. Pima nafasi kwa kichwa, usipime kwa tairi.

Chelewa kuingia. Anayelaza mapema hugusa ukingo wa ndani mapema, kisha hutupwa nje mwishoni, yaani kwenye njia ya wanaokuja. Subiri mpaka uone kona inavyomalizika, ndipo uikate.

Kona zinazokurudisha ulikotoka

Anayetaka kujifunza kona hizi kikamilifu, barabara ya Stelvio ya Italia haina mpinzani. Ilifunguliwa mwaka 1825, inafika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kijiji cha Prato una kona 48 za kugeuka nyuma, kila moja na namba yake kwenye kibao. Nyingi ni za gia ya kwanza au ya pili.

Kupanda, hatari kubwa ni injini kuzimika pikipiki ikiwa imelala, maana itaanguka upande wa bondeni ambako mguu haufiki chini. Ingia upana wote wa njia yako, geuza kichwa hadi utazame juu ya bega, tumia mafuta ya kiasi kimoja, na urekebishe kwa klachi iliyoshikwa nusu pamoja na breki ya nyuma kidogo. Breki ya mbele iache kabisa usukani ukiwa umekatwa.

Kushuka ni kugumu zaidi, na hapa sipendi haraka. Uzito wote unakuja mikononi, kwa hiyo bana tangi kwa magoti na uiachie mikono iwe laini, la sivyo hutaweza kuusukuma usukani. Shuka na gia ileile ambayo ungepanda nayo na uiache injini ikuzuie. Breki zifungwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachiwe zipoe. Kuzigusagusa njia nzima ndiko kunakozichemsha. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia digrii 230 za selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubanwa bure bila kusukuma pedi. Badilisha mafuta hayo kila miaka miwili, hata kama yanaonekana safi.

Lami yenyewe

Mchanga na kokoto hukusanyika pale magari yasipokanyaga: ukingo wa nje, na ule wa ndani ambako magurudumu ya nyuma ya malori hukata udongo na kuumwaga barabarani. Dizeli humwagika kwenye kona kali za kupanda, kutoka kwenye matangi yaliyojazwa mpaka mdomoni. Inaonekana kama upinde wa mvua juu ya lami yenye unyevu, na mara nyingi pua huigundua kabla ya macho. Upande wa mlima usiopigwa na jua hubaki na maji hadi mchana. Hewa hupoa kama digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, basi tairi lililokuwa na joto zuri chini linafika juu likiwa baridi na halishiki kama ulivyodhani. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, kwa kiwango cha kitabu cha pikipiki yako. Glovu, buti na koti lenye vilinzi sihitaji kuvieleza sana: vaa vyote, hata kwa safari fupi.

Barabara ipi uanze nayo

Anza na barabara ya mlima ya Hai Van, Vietnam, kati ya Huế na Đà Nẵng. Inafika kama mita 500 tu, kona zake ni pana, bahari iko upande mmoja, na malori mengi yamehamia kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 2005. Transfăgărășan ya Romania, mita 2,042, ni hatua inayofuata. Theluji huifunga sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo panga kwa Julai hadi Septemba. Ile iitwayo Tail of the Dragon, mpakani mwa Tennessee na North Carolina, Marekani, ina kona 318 ndani ya kilomita 18, na pale Deals Gap kuna mti uliotundikwa vipande vya pikipiki zilizoangukia humo. Huko nashauri uende siku ya kazi, asubuhi, wakati hakuna anayekusukuma kwa nyuma.

Na popote unaposhuka, ukihisi mkono wa breki unalainika na kukaribia mshiko, usisubiri kona inayofuata. Uminye na kuuachia haraka mara mbili tatu, shuka gia, tafuta mahali papana usimame. Usimwagie maji diski zenye moto, zinaweza kupinda. Subiri nusu saa, kisha ukiwa bado umesimama jaribu mkono wa breki kabla hujaachia klachi. Ukibaki laini, safari kwa siku hiyo imekwisha: pikipiki ishushwe juu ya gari.