Namna ninavyosoma makisio ya fedha iliyo chini ya ardhi kabla sijanunua hisa

Sisi Wapemba kukodi mikarafuu tunajua. Mtu anakwenda shamba, karafuu bado iko mtini, anazunguka anatazama mashada, anakisia pishi ngapi zitatoka na anatoa pesa kabla hajachuma hata punje. Hisa za kampuni zinazochimba fedha (madini, silver, si pesa) ni biashara ileile, ila shamba lenyewe liko chini ya ardhi Mexico au Peru na anayekisia si wewe. Miye mara ya kwanza nliumia, kwa hivyo nakuandikieni nnavofanya sasa. (Na kabla hujatuma pesa nje ulizia kanuni za pesa za kigeni za Benki Kuu ya Tanzania, BoT.)

Hatua 1. Tafuta ripoti ya kiufundi, achana na tangazo lenye picha za mawe yanang'aa. Kampuni zilizoorodheshwa Canada zinaiweka SEDAR+, tovuti ya nyaraka za kampuni, unaisoma bure, inaitwa NI 43-101 kwa jina la kanuni yake. Kanuni hiyo ilikuja baada ya Bre-X, kampuni iliyosema imepata dhahabu nyingi mno Busang, Indonesia, mwaka 1997 ikabainika sampuli zilitiwa dhahabu na watu, wenye hisa wakabaki na makaratasi. Kanuni kama hiyo Australia inaitwa JORC, Marekani S-K 1300.

Hatua 2. Hapa ndo pesa inapopotelea, skiza vizuri. Utakuta risosi (resource) na utakuta rizavu (reserve). Risosi ni madini wanayoamini yapo na yana matumaini ya kuchimbika, rizavu ni ile sehemu iliyokwisha kupigiwa hesabu ya gharama, mitambo na vibali ikaonekana itachimbwa kwa faida. Halafu risosi ina daraja tatu, ya chini kabisa ni ya kukisia (inferred), yaani matundu ya kuchoronga ni machache na yako mbalimbali, katikati wamejaza kwa hesabu tu, na mshipa wa fedha unaweza ukanenepa hapa, mita 20 mbele ukakatika. Ripoti inatakiwa iitenge hiyo, isijumlishwe na nyengine. Kampuni yangu ya mwanzo ilikuwa na hiyo ya kukisia tupu, miye nkaona mamilioni ya wakia nkafurahi, walipochoronga zaidi makisio yakashuka na hisa ikaporomoka. Sasa ya kukisia naihesabu sifuri. Wapo wanaoipa nusu, miye hapana.

Hatua 3. Piga hesabu mwenyewe. Tani milioni 1 zenye gramu 300 za fedha kwa tani ni gramu milioni 300, gawa kwa 31.1, ndo gramu za wakia moja, unapata kama wakia milioni 9.6. Lakini kiwanda hakitoi yote, kikitoa asilimia 85 zinabaki milioni 8.2, kama karafuu mbichi, ikishaanikwa jamvini uzito si uleule.

Hatua 4. Angalia bei waliyokisia nayo. Bei ikishuka, mawe yenye fedha kidogo yanatoka kwenye rizavu ingawa yenyewe hayajasogea hata shubiri. Aprili 2011 wakia ilikaribia dola 49, mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14! Wakitumia bei iliyozidi wastani wa miaka 3 ya nyuma, naifunga ripoti.

Hatua 5. Fedha nyingi duniani inatoka pamoja na risasi, zinki, shaba au dhahabu, kwa hivyo baadhi ya kampuni zinageuza yote hayo kuwa "wakia za fedha". Yatenganishe.

Hatua 6. Soma habari za wenyeji wa pale. Escobal, Guatemala, ni mgodi mkubwa wa fedha, madini yapo, lakini 2017 mahkama ikasimamisha leseni kwa kuwa Waxinka, wenyeji wa asili wa pale, hawakushauriwa, hisa za Tahoe Resources, kampuni yenye mgodi, zikaanguka na 2019 ikanunuliwa na Pan American Silver. Watu wa pale wana haki ya kuulizwa, ungekubali wewe shamba lako lichimbwe bila kuambiwa?

Hatua 7. Angalia deni. Sisi tunaochunga riba tunafata kipimo cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya biashara ya Kiislamu, deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na kwa mgodi ambao makisio yake hayajatulia hata hiyo miye naiona nyingi.

Ukishapita hapo nunua kidogo, si kwa pesa ya ada za watoto, usubiri makisio mapya ya mwaka unaofata uyaweke pembeni ya yale ya zamani. Rizavu ikipungua kuliko kiasi walichochimba na bei haijashuka, miye nauza sikuileile.