Kabla ya Kuomba Leseni ya Kurutubisha Urani, Shika Spana Mwenyewe

Tangu habari za urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, zianze kuzungumzwa hata kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanjelwa, wahandisi vijana wa hapa Mbeya wamekuwa wakiniuliza kama iko siku tutairutubisha wenyewe, na kama itakuwa hivyo, jengo la kazi hiyo linasanifiwa vipi. Huwa naanza kwa kuwatenganishia mambo mawili. Mgodi na mtambo wake wa kuchenjua hutoa unga wa njano ambao bado una urani ya asili, yaani ile yenye takribani asilimia 0.7 tu ya aina inayoitwa urani 235. Kurutubisha ni kuipandisha sehemu hiyo, kwa kawaida hadi asilimia 3 au 5 kwa ajili ya vinu vya umeme, na Tanzania haina kituo cha kazi hiyo. Hata hivyo swali lao ni zuri, kwa sababu anayejua jinsi kituo kama hicho kinavyopewa leseni atajenga vizuri zaidi hata ghala la pareto.

Mifano yangu mingi nitaichukua Marekani, kwa kuwa kanuni zake na sehemu kubwa ya majalada yake ya leseni viko wazi kwa anayetaka kusoma. Lakini usianze kusoma kanuni za nje kabla hujajua za nyumbani: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipo kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina matakwa yake ya usalama wa vituo vya mzunguko wa fueli, SSR-4 ya mwaka 2017. Vyote viwili visomwe kwanza.

Chagua eneo kabla ya kuchagua mkandarasi. Kampuni iliyoomba leseni mwaka 1991 ili kujenga karibu na mji wa Homer, jimbo la Louisiana, iliyaondoa maombi yake mwaka 1998 bila kuweka hata tofali moja, ikaja kupata leseni mwaka 2006 mahali pengine kabisa, Eunice, New Mexico.

Udongo upimwe, na upimwe na watu wasiolipwa na muuza kiwanja. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini hilo lina uzito wake, kwa sababu mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita ulimwaga majivu na vijiwe vyepesi vya volkano juu ya eneo kubwa la huku kwetu, na ukichimba shimo moja Uyole wakati wa kiangazi huwezi kusema umeujua udongo wa eneo lote.

Tetemeko lihesabiwe kwa kipimo kinachostahili. Nyumba ya kawaida, kwa kanuni nyingi za ujenzi duniani, husanifiwa kwa tetemeko linalotarajiwa kurudi kila baada ya miaka 475, maana yake ni kwamba uwezekano wa kulipata tetemeko hilo au kubwa kuliko hilo ndani ya miaka 50 ni asilimia 10. Kwa sehemu za kituo cha nyuklia ambazo zikivunjika zinaua, hesabu hupelekwa kwenye tetemeko adimu zaidi, la maelfu ya miaka. Asikudanganye mtu kwamba huku hakutikisiki: tumekaa juu ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa takribani 7.4, ambao ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki.

Sasa nifike mahali ambapo wengi hupakimbia. Kabla ya kukokotoa nguzo na mihimili, jiulize jengo linalinda nini. Katika kituo cha kurutubisha, urani hushughulikiwa ikiwa heksafloraidi ya urani, kitu kigumu cheupe ambacho, katika mgandamizo wa hewa wa kawaida, hugeuka gesi moja kwa moja kikifika nyuzi joto 56 hivi. Kikikutana na unyevu wa hewani hutoa floraidi ya haidrojeni, ambayo huunguza ngozi na mapafu. Ndani ya sentrifuji zenyewe, yaani mashine zinazoizungusha gesi kwa kasi kubwa ili kuirutubisha, gesi hiyo iko chini ya mgandamizo wa hewa ya nje, kwa hiyo bomba likitoboka, kwanza ni hewa inayoingia. Hatari kubwa zaidi iko kule mitungi inakopashwa joto na kujazwa, ambako mtungi mmoja mkubwa hubeba zaidi ya tani 12. Tarehe 4 Januari 1986, katika kiwanda cha Sequoyah Fuels huko Gore, Oklahoma, ambacho hakikuwa kituo cha kurutubisha bali cha kutengeneza heksafloraidi hiyo, mtungi uliojazwa kupita kiasi ulipashwa joto ukapasuka, na mfanyakazi mmoja akafa. Kilichomuua ni floraidi ya haidrojeni aliyoivuta, si mionzi.

Ndiyo maana kanuni za Marekani za vituo hivi, Sehemu ya 70, hazikuulizi tu kama paa litaanguka. Zinakutaka uchambue kila ajali inayoweza kutokea kweli, kisha uonyeshe kwamba ile yenye madhara makubwa ina uwezekano mdogo mno wa kutokea. Mtu aliye nje ya eneo la kituo akiingiza mwilini miligramu 30 tu za urani inayoyeyuka, hayo yanahesabiwa madhara makubwa. Kila kifaa unachokitegemea kuzuia hilo kinaandikwa kwenye orodha rasmi, na kuanzia hapo boliti inayokishikilia kifaa hicho nayo ni sehemu ya usalama.

Boliti nimezitaja kwa makusudi. Mwaka 2009 nilikuwa mhandisi msimamizi wa kiwanda kidogo cha maziwa wilayani Rungwe. Kulikuwa na tangi la lita 2,000 la asidi ya kusafishia mabomba, limesimama juu ya fremu ya chuma yenye miguu minne, na kila mguu ulikuwa na bamba la kitako lenye matundu manne. Boliti 16 kwa jumla, na mchoro ulisema kila moja izame kwenye zege sentimita 30. Siku ya makabidhiano mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, mshitiri ana haraka, rangi ya kijivu imeshapigwa vizuri juu ya kila kitu. Nilitazama kutoka mlangoni, nikahesabu nati 16, nikarudi garini na kutia saini kwenye karatasi niliyoiweka juu ya usukani.

Desemba ya mwaka huohuo yakaja matetemeko ya Karonga, ng'ambo ya mpaka. Lile kubwa lilikuwa na ukubwa wa 6.0, na huku kwetu lilitikisa usiku. Kiwanda kilisimama. Nguzo hazikupata hata ufa, ila plasta ya ukuta mmoja ilidondoka, na mtu angeweza kunipongeza kwa usanifu. Tangi ndilo lililoteleza, nalo halikuteleza hata kwa upana wa kiganja, lakini hilo lilitosha kuivunja shingo ya bomba, na asidi ikatambaa sakafuni hadi kwa kijana wa zamu ya usiku aliyekuwa amelala kwenye magunia nyuma ya mlango. Aliungua miguu yote miwili. Hadi leo anavaa soksi ndefu, hata Kyela kwenye joto.

Asubuhi nilipiga magoti kwenye yale mabamba nikiwa na nyundo. Boliti halisi ukiigonga hutoa mlio mkavu, na nyundo inakurudi mkononi. Saba kati ya zile 16 zilitoa mlio mfu. Tulipokwangua rangi tukakuta vichwa vya boliti vilivyokatwa kwa msumeno na kuchomelewa juu ya bamba, kila kimoja na nati yake imekazwa kwa uzuri, na chini yake hakuna kitu. Fundi mkuu, mzee niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, hakukana. Aliniambia, “Injinia, siku ya kumwaga zege boliti zilihama, matundu yakagoma kukutana nazo. Tulikutafuta, ukawa uko mjini. Tungefanyaje?”

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo ningependa liwe kwenye maombi yako ya leseni kabla ya hesabu yoyote. Boliti za nanga zifungwe kwenye fremu ya kuzishikilia kabla zege halijamwagwa, na fremu hiyo isiondolewe hadi zege ligande. Zikihama hata hivyo, pawepo na karatasi ya kuripoti tofauti hiyo, ambayo fundi anaweza kuijaza bila kuogopa kukatwa malipo, na kazi isimame mpaka mhandisi aliyesanifu ajibu kwa maandishi. Nanga mpya za kuingizwa kwenye matundu yanayotobolewa baada ya zege kuganda zinaruhusiwa, lakini ziwe za aina iliyothibitishwa kufanya kazi kwenye zege lenye nyufa, kwa sababu tetemeko lenyewe ndilo litakalolipasua zege wakati ule ule unapoihitaji nanga. Mwisho, mkaguzi azikaze kwa spana ya kupimia mkazo, moja moja, kabla ya rangi. Narudia: kabla ya rangi.

Usidhani kwamba mamlaka ya leseni itayaamini makaratasi yako. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, kifungu cha 193, kinachohusu vituo vya kurutubisha hasa, hutoa leseni moja ya kujenga na kuendesha, lakini inakataza kituo kuanza kazi mpaka Tume yao ya kusimamia nyuklia ikague na kuthibitisha kwamba kimejengwa kama leseni inavyotaka. Kituo cha Eunice kilipata leseni Juni 2006 na kikaanza kurutubisha Juni 2010. Miaka minne hiyo haikuwa ya kumwaga zege tu, ilikuwa pia ya kuthibitisha kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Ningekuwa nimekaguliwa hivyo Rungwe, yule kijana angekuwa anacheza mpira.

Yaliyobaki ni mafupi. Kanuni hizohizo za Marekani, kipengele cha 70.64 kinachohusu vituo vipya, zinadai usanifu uzingatie majanga ya asili, moto, kemikali, uwezo wa kukabili dharura, ukaguzi na matengenezo, na mengineyo, kumi kwa jumla, na kila kimoja kijibiwe peke yake. Paa lisivuje, na hapa sizungumzii ndoo ya kukinga matone: maji hupunguza kasi ya nyutroni, zile chembe zinazopasua viini vya urani, na palipo na urani iliyorutubishwa ya kutosha yanaweza kusaidia kuanzisha mnyororo wa mpasuko, kwa hiyo mifereji ya paa na hata mabomba ya kuzimia moto ni mambo ya kukaa mezani na mtaalamu wa kuzuia mnyororo huo. Kreni inayopita juu ya mitungi isanifiwe kwa tetemeko lilelile la mitungi, la sivyo umetundika kifo juu ya kazi yako mwenyewe. Vivyo hivyo ukuta wa kugawa vyumba, taa nzito na ngazi: kisicho cha usalama kisiwe na uwezo wa kukiangukia kilicho cha usalama. Upepo wa Makambako uhesabiwe kwa takwimu za Makambako, si za Dar es Salaam.

Zege lichukuliwe sampuli kutoka kwenye gari linalomwaga, mbele ya macho yako, kwa sababu nimewahi kuona vipande vya majaribio vilivyotengenezwa kwa mchanganyiko maalumu nyuma ya stoo. Vyeti vya nondo vilinganishwe na alama zilizo kwenye nondo zenyewe. Fundi wa mabomba asitoboe mhimili ili apitishe bomba lake, na akitoboa, ujue siku ileile. Mchoro uliobadilishwa uondolewe eneo la kazi jioni hiyohiyo, na picha ya mchoro iliyotumwa kwa simu isihesabiwe kuwa mchoro. Kumbukumbu za ukaguzi ziwe na jina la aliyeshika kifaa, si la mkubwa wake. Ukienda eneo la ujenzi wakati wa masika, beba koti la mvua, tochi, nyundo ndogo na brashi ya waya, na karatasi ya kutia saini iache ofisini mpaka urudi.