Ukienda kuona anime na mwongozaji yumo ukumbini

Ukipata tiketi ya onyesho la filamu ya anime, yaani katuni ya Kijapani, ambalo mwongozaji mwenyewe atakuwepo, andaa swali lako ukiwa bado nyumbani. Liwe moja, la sentensi mbili hivi. Mara nyingi mwongozaji huzungumza Kijapani na kila neno hupitia kwa mkalimani, kwa hiyo dakika 20 za maswali ni kama 10 tu. Ukianza na hotuba ya jinsi unavyoipenda kazi yake, umewalia wenzako muda.

Uliza kuhusu kitu ulichokiona kwa macho yako: kwa nini mvua ile haikuwekewa sauti, au mbona mkono wa yule bibi ulitulia mezani muda mrefu vile? Waongozaji wengi wa anime huchora wenyewe ekonte, yaani michoro ya awali inayopanga kila shoti, basi swali la namna hiyo huwagusa hasa. "Wazo ulilipata wapi?" wameshaulizwa mno.

Simu izime kabisa. Na filamu ikiisha, majina ya walioitengeneza yakianza kupanda kwenye skrini, tafadhali usinyanyuke: ndio waliochora, na kiongozi wao amekaa humo humo anayatazama.