Jinsi ya kupata watoa huduma za kutoa mimba, na wasikukimbie, pale sheria inapobana

Wengi wanaanza na tangazo la kazi halafu wanashangaa mbona hakuna anayeomba. Anza na wakili. Sheria kali nyingi bado zinaruhusu kutoa mimba kuokoa maisha ya mama, zingine zinaongeza ubakaji au afya, na mama aliyeletwa anavuja damu mimba imeshaharibika anatakiwa ahudumiwe tu. Wakili akuandikie ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida: nini ruksa, nani anasaini, polisi wakija nani anaongea nao. Nesi akiona hiyo karatasi ndo anakaa kukusikiliza, maana kinachomtisha zaidi ni kutojua mpaka uko wapi.

Alafu usihangaike na mabingwa tu. Mwongozo wa WHO wa 2022 unasema hata wakunga, manesi na maafisa tabibu waliofundishwa wanaweza kutoa huduma mimba ikiwa changa, kwa dawa au kwa MVA (kifaa cha mkono cha kunyonya mimba), ila kama sheria ya kwenu inataka daktari basi ni daktari. Anza na wale ambao tayari wanasafisha mimba zilizoharibika usiku wa manane, mkono wanao tayari.

Kabla ya trening wakalishe waongee misimamo yao, imani, hofu, kila kitu. Asiyetaka mwache, usimnunie, ila mkubaliane kwamba atampa mgonjwa rufaa na dharura hataikimbia.

Sasa kuwabakiza, hapa ndo penye kazi kweli. Mtu hachoki na wagonjwa, anachoka kuwa peke yake huku wenzake wanamnong'ona kwenye chumba cha chai. Kwa hiyo usimweke mmoja kituoni, hata awe mzuri vipi, weka wawili au watatu, na zamu zao zichanganywe na uzazi wa mpango na wodi ya wazazi ili asije kuitwa "yule wa mambo yale". Mganga mkuu aseme mbele ya wafanyakazi wote kwamba hii ni kazi ya kituo, asiseme ofisini kwa siri (wengi wanapenda kujificha hapo). Namba ya wakili ipokelewe hata usiku, na sababu ya kisheria iandikwe kwenye faili siku hiyohiyo, siyo wiki ijayo mtu akishaanza kuulizwa.

Na akiomba kupumzika miezi kadhaa mpe, nafasi yake iwepo akirudi.