Kabla hujapeleka kipima unyevu shambani

Mvua za Machi hazimsubiri mtafiti. Ukitaka takwimu za unyevu wa udongo za msimu mzima, kazi nzito ifanyike Februari, kwenye tanuri na mizani. Kipima unyevu ni kihisi cha kielektroniki, na hakiyaoni maji yenyewe. Kinapima namna udongo unavyoitikia umeme, ambapo kwa mwitikio huo maji huwa na kipimo cha takriban 80, madini makavu 3 hadi 5 na hewa 1, kisha kinakadiria kwa mlinganyo wa kiwandani. Mlinganyo huo haukutungwa kwa udongo mwekundu wenye chuma wa kuzunguka Ziwa Viktoria, wala ule mwepesi wa volkano wa Kisoro, wala mweusi wa Karamoja unaopasuka kiangazi, huko Uganda. Kila udongo utafutiwe mlinganyo wake, kwa kulinganisha kihisi na sampuli zilizokaushwa.

Kwa hiyo tafuta pete za chuma za sentimita za ujazo 100. Chukua sampuli karibu na kihisi udongo ukiwa mkavu, ukiwa na unyevu wa wastani, na ukiwa umelowa. Pima, kausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi saa 24, pima tena. Tuseme udongo mbichi ni gramu 155 na mkavu ni 125. Maji ni gramu 30, na unagawanya kwa 125, si kwa 155: asilimia 24 kwa uzito. Kwa ujazo, gramu 30 za maji ni sentimita za ujazo 30 ndani ya pete ya 100, yaani asilimia 30, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na kihisi. Ripoti inayosema "asilimia 24" bila kutaja ni ya uzito au ya ujazo, mimi siiamini.

Tanuri ya maabara huwa ya watu wengi, basi ulizia ratiba mapema. Mwenzako akiingiza sampuli mbichi usiku, au umeme ukikatika, hizo saa 24 hazina maana. Endelea kupima mpaka uzito utulie.

Makopo ya kubebea sampuli yapimwe yakiwa matupu, na namba zikwaruzwe kwenye bati, maana wino hufutika. Yafunikwe na kuzungushiwa tepu palepale shambani. Kopo lililo wazi likisafiri juu ya bodaboda juani, limeshapoteza sehemu ya ulichokwenda kupima.

Mahali pa kusimika: kaa mbali na kichuguu na njia ya ng'ombe. Kwenye migomba amua mapema kama unapima chini ya matandazo au nje yake, maana ni pande mbili tofauti kabisa.

Kinachoharibu zaidi ni hewa. Ukitikisa kihisi wakati wa kukichomeka kwenye udongo mgumu, vijiti huacha mwanya, na usomaji unashuka ingawa udongo umelowa. Ingiza moja kwa moja. Ukigonga jiwe, usilazimishe. Chomoa, sogea kidogo, anza upya. Ukichimba shimo ili kufika chini, chomeka ukutani ambako udongo haujaguswa, halafu rudisha udongo kwa tabaka zake na uushindilie, la sivyo mvua ya kwanza itateremka shimoni na kukupa unyevu ambao shamba halina.