Jinsi ya kupata njia poa za kukimbia huko mashambani nje ya Nairobi

Kama kila wiki unazunguka estate yenu hadi mabawabu wote wamekujua, ama unakimbia kando ya lami ukimeza moshi wa matatu, kuna siku mwili utakuambia umechoka na hiyo njia hata kama miguu iko sawa. Unataka udongo mwekundu, majani chai huku na huku, na usikie viatu vyako peke yake. Na si mbali. Panda mat ya Limuru alfajiri kabla jam ianze na ndani ya kama saa moja utakuwa unashuka kwa ukungu na baridi, ulimwengu mwingine kabisa.

Ukitaka kupata njia nzuri huko anza kwa kuelewa vile ardhi imekaa. Upande wote wa Kiambu hadi Limuru ni migongo na mabonde, mito inatoka huko juu ikiteremka kuelekea kusini mashariki na katikati ya mto na mto kuna mgongo mrefu. Barabara ikifuata mgongo unakimbia kilomita nyingi ukiona mbali na mguu unapumzika, lakini ikikata mabonde utashuka hadi mtoni, upande, ushuke tena, upande tena, na hapo kilomita 8 zitakuwa kama 15. Mwanzo mimi nilikuwa nachagua njia kwa kuangalia umbali tu, nikashangaa mbona magoti yanauma hivi.

Sasa fungua ramani kwa simu na uweke picha ya setelaiti. Mto hauonekani vizuri lakini utaona mstari wa miti wenye kijani kizito umejikunja kunja, hapo ndio bonde. Tafuta barabara inayoenda sambamba na huo mstari, ya rangi ya udongo, si ya lami. Mashamba ya chai yanaonekana kama zulia laini lenye mistari myembamba, hiyo mistari ni vijia vya wachumaji, na zile nene kidogo ndio barabara za lori zinazobeba majani kupeleka factory. Hizo za lori ndio dhahabu yako. Ni pana, si kali sana kwa mlima kwa sababu lori lililojaa lazima lipite, na mara nyingi zinaungana, kwa hivyo unaweza kutengeneza mzunguko badala ya kurudi na njia ile ile. Kahawa iko chini zaidi, upande wa Kiambu tauni, na huko uwe makini, mashamba mengi ni makubwa na ya watu binafsi. Niliwahi kufuata barabara safi kabisa kwa ramani ikaishia kwa geti na mbwa watatu, nikarudi mbio kuliko nilivyokuja.

Strava, ile app ya kurekodi mbio, pia inasaidia, ina ramani inayong'aa mahali watu wamekimbia sana. Lakini usiamini giza. Kuna vijia vitamu sana kule Tigoni, karibu na Limuru, havina mwanga wowote kwa hiyo ramani, na kila siku watu mia wanapita na miguu, ni vile tu hawana saa ya kurekodi.

Ndio maana mimi nasema njia yenyewe utaipata kwa kuuliza. Shuka stage, nunua chai, uliza mtu wa boda, "Nikitaka kukimbia mpaka ng'ambo ile bila kushika lami napitia wapi?" Watu wa nduthi wanajua kila kichochoro, na watakuambia pia mahali si pazuri mtu kupita peke yake, hiyo usibishane nayo hata kidogo. Mara ya mwisho nilikuwa nateremka kijia kimoja nikakutana na shosho, bibi mzee, amebeba kikapu mgongoni, kamba iko kwa paji la uso, nikamsalimia kwa Kikuyu, "Wimwega shosho," akasimama, akaniangalia viatu, akaniambia huko chini daraja la magogo lilienda na maji, nirudi nishikie pale kwa kibanda cha kupimia majani nikate kushoto. Nilirudi. Hapo kushoto nikapata kilomita karibu 4 za mgongo mtupu, chai mpaka macho yanachoka, na kwa mbali jua linatoka nyuma ya Nairobi. Hiyo njia haiko kwa ramani yoyote niliyowahi kuona. Kwa hivyo salimia watu, punguza mwendo ukipita karibu na wazee na watoto, uko kwao.

Ukishapata njia kwa ramani na kwa mdomo, mara ya kwanza iende polepole, hata utembee. Pakua ramani ya hiyo sehemu kabla utoke nyumbani juu network inapotea ukiingia bondeni. Na usianze kwa haraka zako za Nairobi, tao ni kama mita 1,700 hivi juu ya bahari lakini Limuru imepita 2,000, pumzi utaisikia.

Msimu nao ni kitu. Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Disemba mvua ikinyesha huo udongo mwekundu unateleza kama sabuni, lakini angalau unakimbilika kando kando kwa nyasi. Upande wa Kitengela na Athi River ni udongo mweusi, ukilowa unashika kiatu mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa tofali, huko ngoja kiangazi. Julai Limuru ni baridi na ukungu, mrembo sana lakini vaa kitu chenye rangi kali ili watu wa magari wakuone.

Kama bado unaogopa kuenda mbali anzia Karura hapo hapo Nairobi, kuna zaidi ya kilomita 50 za njia ndani ya msitu, maporomoko ya maji na mapango, na kila nikipita hapo namkumbuka Wangari Maathai, bila yeye na wenzake saa hii pangekuwa majumba. Halafu Ngong Hills, mat ya 111 inakufikisha Ngong tauni, kutoka hapo boda. Kule juu inafika mita 2,460, mkono mmoja Nairobi, mkono mwingine Bonde la Ufa limefunguka chini yako, upepo unakusukuma kabisa. Usiende peke yako lakini, enda na kikundi na uulize getini kuhusu askari wa kuwasindikiza.

Mimi napenda Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, kumekucha, wachumaji wanaingia shambani, kuna macho ya watu kila mahali. Mwambie mtu mmoja nyumbani unaanzia stage gani na unamalizia gani. Beba maji, pesa ya boda ya dharura, na fulana kavu uifunge kwa mfuko usioingiza maji, kwa sababu ukisimama tu na jasho kule Limuru baridi inaingia mpaka kwa mifupa, na mat ya kurudi inaweza kukaa stage nusu saa ikingoja kujaa.