Jinsi ya kukanda kiuno kwa chumvi ya moto bila kujiunguza

Juzi dada yangu alinipigia simu alfajiri. Kiuno kimemkaza, hata kuinama avae viatu hawezi. Nilimwelekeza hatua kwa hatua, na karibu maneno yangu yote yaliishia kwenye hatua ya tatu. Utaona kwa nini.

Kabla hujawasha jiko: ikiwa maumivu yamekuja na ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kukushinda kuzuia, miguu kulegea, homa, au yameanza baada ya kuanguka vibaya, achana na chumvi, nenda hospitali. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia kwenye ngozi naye asikande, maana ataungua asijue. Na kama umegongwa na pamevimba, siku mbili za kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa.

Hatua ya 1: Mfuko. Soksi ndefu ya pamba tupu. Ya nailoni inayeyuka.

Hatua ya 2: Pasha chumvi. Vikombe viwili, kikaango kikavu, moto mdogo, koroga kwa mwiko wa mbao dakika tano hivi. Tumia chumvi laini. Ile ya mawe ina vitone vya maji ndani ya punje, ikipata moto inapasuka na kukurukia usoni. Wapo wanaopenda mchele. Mimi siupendi, ukizidisha moto kidogo tu unaungua na nyumba nzima inanuka.

Hatua ya 3: Pima joto. Hapa ndipo nilipoungulia mimi. Nilijaza soksi, nikaigusa kwa kiganja, nikaona vuguvugu, nikajilaza juu yake. Baada ya muda mfupi nikaruka, na kesho yake nina malengelenge matatu juu ya nyonga. Kumbe kitambaa kinachelewesha joto: nje pamepoa, ndani chumvi bado ni kaa la moto, na joto linazidi kutoka wakati wewe umeshatulia. Kiganja nacho ni mwongo, ngozi yake ni nene.

Kwa hiyo mimina chumvi kwenye sahani pana kwanza, iache dakika tatu, ndipo ujaze soksi, robo tatu tu ili ilale vizuri mgongoni. Funga fundo. Itikise, moto ulio katikati usambae. Kisha iweke kwenye kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, upande wa ndani ulio laini, uhesabu dakika nzima. Dakika nzima, si sekunde kumi. Ikikulazimu kuiondoa kabla, subiri, urudie. Usiharakishe kwa kuilowesha: maji yanapeleka joto kwenye ngozi upesi zaidi, na chumvi inageuka tope. Kifaa cha nyuzi 60 kinaunguza ngozi kwa sekunde chache, na hata nyuzi 44 zinatosha ukikaa nacho saa nyingi. Ndiyo maana hailaliwi nayo usingizi.

Na usipake dawa ya kuchua kabla ya kukanda, hasa zenye pilipili au mentholi. Dada alikuwa ameshajipaka. Nikamrudisha akaoshe kwa sabuni.

Hatua ya 4: Kanda. Lala kifudifudi, mto chini ya tumbo, taulo jembamba juu ya ngozi, soksi juu ya taulo. Usiilalie kwa uzito wako. Dakika 15, zisizidi 20. Mara mbili tatu kwa siku inatosha. Ngozi ikianza kuweka madoa mekundu au ya kahawia kama wavu, umezidisha, pumzisha siku kadhaa.

Hatua ya 5: Inuka utembee. Joto linalegeza misuli na kutuliza maumivu kwa muda, haliponyi kilichoyaleta. Muda huo ndio wa kutembea taratibu, na kuvuta goti moja moja kifuani ukiwa umelala chali. Kushinda kitandani kunakazia kiuno zaidi. Maumivu mengi ya namna hii hupungua ndani ya wiki chache. Yakipita wiki sita, au yakizidi kila siku, muone daktari.

Chumvi ikishika mabonge, itoe kwenye soksi uikaange tena. Dada aliniuliza kama baadaye anaweza kuipikia. Hapana jamani, hiyo imeshakunywa jasho.